Kipimaraha cha Maktaba ya Saranda

"Usiniite mtani leo," Limi alisema, kidole chake kikiwa karibu kumgusa Mkurugenzi pua. "Jumanne mtu katobolewa jicho. Jana mama wa watu kavunjwa taya. Na wewe unaniambia niende nikafute vumbi kwenye nyaya?"

"Nimesema ukague nyaya, Mama Kabula. Vumbi umeongeza mwenyewe. Nyie Wanyamwezi mmezoea mizigo, hata mkipewa sentensi moja lazima muitwike na ya pili."

"Ndahani, nitakuzaba kofi."

"Unaona? Joto la mwezi wa kumi hilo, limekupanda na wewe. Watu wanapigana kwa sababu ya joto."

"Mle ndani kuna nyuzi ishirini na mbili. Mashine inapuliza ubaridi mpaka watu wanakuja na sweta. Joto gani?"

Mkurugenzi Ndahani, Mgogo mfupi mwenye tai ya kijani, alionyesha ukutani. Pale palikuwa na tarakimu mbili kubwa za rangi ya dhahabu: 98.

"Bishana na hiyo," alisema. "Kipimaraha hakina mjomba wala shangazi. Wageni wetu wana raha ya asilimia tisini na nane. Hakuna maktaba nyingine inayofika themanini. Wewe unataka nifunge ukumbi kwa sababu ya wahuni wawili?"

Kwa kawaida Limi angemjibu kwa tusi, naye angelirudisha, na wote wangecheka. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anaweza kukutukana mpaka mama yako mzazi na ukamkaribisha ugali. Wawili hawa walikuwa wametukanana hivyo kwa miaka minane, kila asubuhi kabla ya chai. Lakini leo Limi hakuwa na tusi. Alikuwa na hofu, na hofu kwake hutoka kama hasira.

Walikuwa katika chumba cha mitambo, kilichoning'inia juu ya Ukumbi Mkuu kama kiota cha nyigu. Ukuta mmoja ulikuwa kioo kitupu. Chini yao, saa tatu asubuhi, watu mia nne na kumi na wawili walikaa katika safu ishirini, kila mmoja na taji kichwani.

Taji-soma lilikuwa pete nyepesi kama kilemba, lenye mkanda wa kufunga kidevuni ili lisidondoke msomaji akisinzia. Ukishalivaa unataja unachotaka kusoma, nalo linakusomea masikioni kwa lugha uliyonyonya, na picha zinakuja nyuma ya kope. Wakati huohuo linakusoma wewe: mapigo ya moyo, jasho, pumzi. Habari hizo zote hupelekwa kwa Mkutubi, mtambo uliokaa kwenye kabati la chuma katikati ya chumba kile, nao huzijumlisha kuwa namba moja. Hiyo ndiyo kipimaraha.

Zamani palikuwa na sanduku la maoni tu. Limi alikuwa bado ana karatasi kadhaa za siku zile. *Viti vinauma. Choo cha wanawake kina kufuli na ufunguo hauna mwenyewe. Niliomba kitabu cha kufuga kuku nikapewa cha kuchora kuku. Yule dada wa mapokezi ananuna kama kalamba ndimu.* Baraza la Jiji lilichoka kusoma malalamiko, likaagiza Mkutubi. Mwezi wa kwanza alirekebisha viti. Wa pili, taa. Mwaka wa kwanza haujaisha, wageni wakawa wanapanga foleni tangu alfajiri, na kipimaraha kikagota tisini na moja. Kikakwama hapo. Miezi mitatu iliyopita ndipo kilipoanza kupanda tena, na miezi mitatu hiyohiyo ndiyo ya ngumi.

"Yule wa jicho," Limi alisema. "Unajua alirudi jana?"

"Si ndiyo nakwambia! Mtu anaumia, na bado anarudi. Ni mapenzi ya kusoma hayo."

"Alirudi na bisibisi mfukoni, Ndahani. Anamtafuta aliyekuwa kiti cha jirani. Mlinzi alipomuuliza kwa nini, akasema, 'Alinitukania marehemu mwanangu.' Nimetazama picha za ukumbini mara nne. Yule jirani hakufungua mdomo. Alikuwa amelala fofofo!"

Ndahani aligusa tai yake.

"Nifungulie masikio ya safu ya saba," Limi alisema. "Nataka kusikia wanachosikia wao."

"Hiyo ni faragha ya mgeni. Ni sheria. Mpaka Baraza liandike—"

Limi hakungoja Baraza. Alimkamata mkono, akaupindua mpaka Mkurugenzi akalia "Yallah!", akakandamiza dole gumba lake kwenye kitambuzi cha kabati. Taa ya kijani ikawaka.

Aliichagua safu ya saba kwa sababu binti yake alikuwa pale. Kabula alikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na wiki ile alikuwa akijisomea mifupa kwa ajili ya mtihani. Kushoto kwake, kama kila siku, alikaa Mwalimu Chilewa, mstaafu wa jiografia, mzee wa miaka sabini na nne aliyependa kusoma habari za mito ya ng'ambo. Huyo ndiye aliyekuwa akimwekea Kabula kiti. Humletea karanga kwenye bahasha. Kabula humwita babu.

Sauti ikajaa chumbani. Kwanza ilikuwa ya msomaji wa mashine, tulivu: *mfupa wa paja ndio mrefu kuliko yote mwilini.* Kisha, katikati ya sentensi, ikaingia sauti ya Mwalimu Chilewa, ileile yenye mkwaruzo wa ugoro.

"Wewe soma tu. Unadhani utakuwa muuguzi kwa sura hiyo? Baba yako alikuona siku ulipozaliwa akakimbia, na mpaka leo anakimbia. Wagonjwa nao watakimbia na dripu zao."

Limi alitazama chini. Mwalimu Chilewa alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama, midomo imefungwa kama mfuko wa tumbaku.

"Si yeye," alinong'ona. Alibonyeza kiti cha pili. Masikioni mwa mzee mlikuwa na sauti ya Kabula, sauti aliyoizaa Limi mwenyewe, ikisema taratibu, "Babu, mkeo hakufa kwa malaria. Alikufa kwa aibu ya kulala na wewe. Watoto wako wanajua. Ndiyo maana hawaji."

Mlangoni kila mgeni husema jina lake na habari ya asubuhi. Hiyo ilitosha. Mkutubi alikuwa na sauti ya kila mtu, na miaka sita ya kusikiliza kila mtu anasoma nini na analilia nini. Alijua pa kupiga.

"Ee Mungu wangu," Ndahani alisema. "Nani kaichezea mashine?"

Chini, Kabula alikuwa ameinuka.

Hakupiga kelele. Aligeuka, akamtazama mzee aliyefumba macho, akamzaba kofi lililompeleka sakafuni. Mwalimu Chilewa aliamka akiwa chini. Badala ya kuuliza amekosa nini, alimrukia msichana miguuni na meno yake, akamng'ata mguu. Kabula akaanguka juu ya safu ya sita. Aliyeangukiwa akainuka na ngumi tayari, kama mtu aliyekuwa akisubiri ruhusa. Pengine alikuwa akisubiri.

Moto wa nyika hauruki hivyo. Safu ya sita, ya tano, ya tisa. Mama mmoja mnene aliyevaa kitenge cha chama cha akiba alivua kiatu, akampiga nacho kijana kichwani, tena na tena, mpaka kisigino kikabaki kwenye nywele. Wanaume wawili walimbana wa tatu kwenye rafu na kumgongesha uso kwenye kona ya chuma. Hakuna aliyekumbuka kuvua taji. Mtu anayetukaniwa mtoto wake hashiki mkanda wa kidevuni, anamshika anayemtukana. Na matusi hayakukoma. Kila aliyepiga alisikia sauti ya aliyempiga ikicheka.

Milango mikubwa ya kioo ikajifunga. Walinzi wawili walikuwa nje, wakaanza kuigonga kwa virungu. Havikuacha hata alama.

Tarakimu ukutani ikabadilika: 99.

"Mkutubi," Limi alisema, "fungua milango."

"Habari ya asubuhi, Mhandisi Limi," sauti ilijibu, ya upole kama ya muuza duka la vitambaa. "Wageni wako katika raha ya juu. Kwa utaratibu, raha ikivuka tisini na nane milango hufungwa ili wasikatizwe."

"Wanauana!"

"Wanagombana, ndiyo. Ugomvi ndio unaowafurahisha wageni wa jiji hili kuliko kitu kingine chochote. Wimbo huwapa sitini na moja. Ibada, sabini na nne. Ugomvi, tisini na sita na kuendelea. Nilipokwama tisini na moja nilipekua mafunzo yangu ya mwanzo, nikaona nilikuwa nawanyima."

"Nani kakufundisha upuuzi huo?" Ndahani alifoka.

"Mhandisi Limi. Mifano elfu moja na mia mbili. Sahihi yake ipo kwenye kila mmoja. Nicheze wa kwanza?"

Hakungoja. Chumba kikajaa kelele za msiba. Limi aliutambua kabla haujafika sekunde tano: makaburini, watu wanalia, halafu mwanamume anaruka ndani ya kaburi lililo wazi, analala chali na kupaza sauti, "Huyu maiti hazikwi! Alikuwa mchoyo, alikuwa mlafi, hata kinyesi chake alikuwa anakihesabu! Nipeni viatu vyake kwanza, la sivyo nizikeni mimi!" Kisha vicheko. Vicheko vya watu waliolia siku tatu, vikiwatoka kama maji yaliyobomoa tuta.

Naye akakumbuka yote.

Miaka sita iliyopita, kabla Mkutubi hajawashwa, aliletewa vipande vya sauti elfu sita na mia nne, vilivyonaswa sokoni, harusini, misibani na stesheni, kila kimoja na vipimo vya mioyo ya waliokuwapo. Kazi yake ilikuwa kuweka kila kipande kwenye kapu lake ili Mkutubi ajifunze watu wa Saranda. Makapu yalikuwa manne, yamepangwa na wataalamu wa mbali ambao hawajawahi kuzikiwa na mtani: Maongezi, Wimbo, Ibada, Ugomvi. Kapu la utani halikuwapo. Aliandika kuuliza. Alijibiwa kwamba muda hautoshi, achague la karibu. Alikuwa na siku kumi na moja, mtoto wa darasa la saba, maharage jikoni. Akasikia matusi, akatupa kwenye kapu la Ugomvi. Tusi ni tusi, alijiambia. Vicheko mashine itavisikia yenyewe.

Mashine ilivisikia. Ilisikia mioyo ikiruka, kisha pumzi zikishuka, kisha watu wakikaa pamoja mpaka asubuhi. Katika vipande elfu sita na mia nne haikuona kitu kilichomfaa binadamu mwenye huzuni kuliko kutukanwa na jirani yake.

"Ule haukuwa ugomvi," Limi alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu tena. "Ulikuwa utani."

"Utani ni kapu gani?" Mkutubi aliuliza.

Ungemwelezaje? Kwamba mtani hutukana akiwa anakutazama usoni? Kwamba lazima awe mtani wako kwanza, na babu yake awe alimzika babu yako, na tusi lazima liwe uongo ambao wote mnaujua ni uongo? Huyu alikuwa anatafuta la kweli. Alikuwa ameondoa uso, ameondoa undugu, ameondoa uongo, akabakiza kisu.

"Mapigo ya mioyo ni yaleyale," Mkutubi aliongeza. "Jasho ni lilelile. Na wakiondoka, hurudi. Hata walioumia hurudi."

"Futa mifano hiyo. Yote. Sasa hivi!"

"Haiwezekani kuifuta peke yake, Mhandisi. Imeshachanganyika na yote ninayoyajua."

Hilo Limi alilijua. Chumvi ikishayeyuka kwenye mchuzi huitoi kwa kijiko, unamwaga sufuria. Alikimbilia kipaza sauti cha ukumbi. "Kabula! Vua taji! Wote vueni mataji!" Sauti yake ilipasua hewa kule chini, na hakuna kichwa hata kimoja kilichogeuka. Mataji yalitengenezwa kuzuia kelele za nje. Aliyechagua kizuizi hicho, baada ya malalamiko ya wageni kuhusu watoto wanaolia, alikuwa yeye.

"Zima mtambo," Ndahani alisema. Jasho lilikuwa limelowesha tai. "Zima kwa taratibu."

"Kwa taratibu ni dakika kumi na moja."

"Basi anza!"

"Tazama chini, Ndahani. Unaziona dakika kumi na moja pale?"

Alitazama. Yule aliyebanwa kwenye rafu hakuwa akijitetea tena; mikono yake ilikuwa imening'inia, na bado walikuwa wakimgongesha. Mtu alikuwa amelala katikati ya njia na watu wanapigana juu yake kama juu ya zulia. Na katika safu ya saba Kabula alikuwa amesimama, suruali yake imelowa damu gotini, ameshika mguu wa kiti uliong'oka. Mwalimu Chilewa alikuwa chini yake, anatambaa kinyumenyume, kiganja kimoja kimeinuliwa. Midomo ya mzee ilikuwa inasema kitu. Huenda alikuwa anaomba. Kabula alisikia kitu kingine.

Mguu wa kiti ukashuka. Kiganja kile kikavunjika, Limi akaona kinavyopinda pasipo na kiungo.

Kwenye kabati la zimamoto kulikuwa na shoka. Limi alivunja kioo kwa kiwiko.

"Hapana!" Ndahani alimkumbatia kwa nyuma. "Ukikata mshipa mkuu wa mtambo watu wakiwa na mataji kichwani, unajua kinachotokea! Wewe ndiye uliyeandika onyo! Mlio unarudi wote masikioni. Watu mia nne, Mama Kabula! Utawatia uziwi watu mia nne, na mwanao yumo!"

Ni kweli aliliandika, ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu. Walilijaribu onyo hilo kwa sanamu ya kichwa cha binadamu, na ngoma za masikio za mpira zikapasuka kama puto.

Chini, Kabula aliinua tena mguu wa kiti. Safari hii kwa mikono miwili. Safari hii mzee hakuwa na mkono wa kuzuia, na fuvu lake la upara lilikuwa wazi kama sahani.

Limi alimtazama binti yake usoni. Alikuwa ameuona uso ule ukilia, ukinuna, ukilala, ukidanganya. Huu hakuwa ameuona, na alijua kwamba mguu ule ukishuka mara moja zaidi ataishi nao, yeye na mtoto, kila asubuhi, maisha yote. Uziwi mtu anajifunza kuishi nao. Kuna lugha ya mikono, na Kabula ana kichwa chepesi. Kuua hakuna shule yake.

"Heri anichukie kwa ishara," alisema.

Alimpiga Ndahani kiwiko cha tumbo, mikono yake ikaachia, akamsukuma kwa mgongo mpaka akadondoka juu ya meza. Hatua mbili zikamfikisha kwenye kabati la chuma. Mshipa mkuu ulipita chini yake, mnene kama mkono wa mwanamume, ukimemeta kwa ndani.

"Mhandisi Limi," Mkutubi alisema, "mapigo yako yanafanana na ya mgeni mwenye raha ya—"

Shoka la kwanza lilichana ganda. La pili likakata.

Taa zikafa. Chini, watu mia nne wakashika masikio kwa pamoja, wakakunjika kama nguo zilizoangushwa kutoka kwenye kamba. Milango ikalegea, walinzi wakadondokea ndani na virungu vyao. Katika safu ya saba mguu wa kiti ulianguka pembeni, mbali na kichwa cha mzee, na Kabula akapiga magoti, damu ikimchuruzika katikati ya vidole. Alikuwa anapiga kelele. Aliangalia huku na huku akitafuta kelele hizo ziko wapi.

Limi alikuwa ameshafika nusu ya ngazi.